Mhariri, wanyama wana majina yao, tuandikieni

Ndugu Mhariri, salaam kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti.

Naomba nafasi niongelee majina ya wanyama, maana ni jambo linapita kila siku mbele yetu na hakuna anayelisemea. Kwenye magazeti, kwenye redio na hasa kwenye hizi habari zinazotafsiriwa haraka haraka, mnyama akitokea anaitwa "aina fulani ya swala" au "ndege mmoja mdogo" au "nyoka mwenye sumu kali", basi, imetoka hiyo. Na mwandishi akijitahidi kutafuta jina analibeba kutoka Kiingereza lilivyo, ndo unakuta kaandika "mamba mweusi" kumbe anamzungumzia koboko. Sasa msomaji wa Kiswahili akisoma mamba anamuona yule wa mtoni mwenye magamba na meno nje, habari ya nyoka haimjii kabisa. Waingereza hilo neno wamelipata kusini huko, Wazulu wakisema imamba ni nyoka kweli, ila kwetu mamba ni mwingine na anakaa majini. Jina moja wanyama wawili, na wote wanaua, hebu fikiria hiyo ni taarifa ya tahadhari watu wanaisoma.

Nikilisema hili najibiwa kwamba majina ya kienyeji yanachanganya, jina halisi ni lile la kisayansi, mengine ni ya mazoea tu. Hapo ndo sikubaliani kabisa na ndo sababu ya barua hii. Jina la kisayansi lina kazi yake na kazi hiyo ni nzuri, tangu Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alipotoa orodha yake ya majina ya wanyama mwaka 1758 mtu wa Brazili na mtu wa Japani wanaweza kuandikiana kuhusu mdudu mmoja wakajua ni huyo huyo, hamna lugha ya kawaida inayoweza hivyo. Lakini kusema ndo jina la kweli na mengine ni makosa, hapana. Kwanza hayo ya kisayansi nayo yametungwa na watu, yana hadithi zao na makosa yao. Kuna ndege mzuri sana wa New Guinea, wa lile kundi wazungu waliloliita ndege wa peponi, Linnaeus akampa jina Paradisaea apoda, hilo apoda maana yake asiye na miguu. Ndege ana miguu yake miwili kama ndege wengine, ila ngozi zilizokuwa zinafika Ulaya kibiashara zilikuwa zimeshakatwa miguu na wenyeji waliozikausha, huko Ulaya watu wakaamini ni kiumbe asiyetua chini maisha yake yote. Mpaka leo anaitwa hivyo hivyo, kwa sababu sheria ya wanasayansi inalinda jina lililotangulia hata kama lina kosa. Na huko Marekani chama cha wataalamu wa ndege kilitangaza mwaka 2023 kwamba yale majina ya Kiingereza ya ndege waliopewa majina ya watu yatabadilishwa, maana wengine wa hao watu matendo yao hayafai kutukuzwa. Kwa hiyo hata wao bado wanabishana nani aitwe nani.

Jina la mnyama linakuonyesha watu walikutana naye wapi, nani alimleta, walimuogopa au walimpenda, waliona nini kwake kwanza. Chukua bata mzinga. Ndege huyu asili yake ni Amerika, huko Mexico walikuwa wanamfuga kabla mzungu hajafika. Waingereza wakampa jina la nchi ya Uturuki. Waturuki wenyewe wanamwita hindi, yaani katoka India, na Wafaransa dinde, nao pia wanasema wa India. Wareno wanamwita peru, nchi nyingine kabisa, Waarabu wengi wanamwita jogoo wa Kirumi, Wamalay wanasema kuku wa Kiholanzi. Kila mmoja kamtupia mwenzake! Ukiyapanga majina hayo kwenye ramani unapata picha ya biashara ya dunia ya karne ya 16 na kuendelea, nani alikuwa ananunua kwa nani na nani hakujua mzigo umeanzia wapi. Simbilisi naye hivyo hivyo, kwa Waingereza ni nguruwe wa Guinea, kwa Wajerumani ni kijinguruwe cha bahari, wakati kwao kabisa ni milima ya Andes na Waquechua, wenyeji wa huko, wana jina lake fupi tu linalofanana na sauti anayotoa.

Lakini stori ninayoipenda kuliko zote ni ya twiga, na hii inatuhusu. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea mfalme wa China twiga kama zawadi, na mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi nao wakafikisha wa kwao. Wachina hawakuwahi kumuona mnyama wa namna ile, ila kwenye vitabu vyao vya kale kulikuwa na kiumbe wa baraka anaitwa qilin, ambaye inasemekana hujitokeza tu nchi ikiwa na mtawala mwema. Baraza la mfalme likasema ndo huyu. Unaweza kuona kuna siasa ndani yake, mfalme gani hataki kuambiwa baraka imekuja enzi yake, na yule mfalme alikuwa ameutwaa ufalme kwa vita kutoka kwa mtoto wa kaka yake kwa hiyo baraka aliihitaji hasa. Sasa Wachina wa leo jina hilo walishaliacha kwa twiga, wanamwita kulungu shingo ndefu, lakini Wajapani mpaka leo twiga kwao ni kirin, na Wakorea girin. Yaani mtoto wa Tokyo anayepelekwa kumuona twiga anatamka jina la mnyama wa hadithi ya kale. Wagiriki na Warumi nao walimuona ni ngamia aliyechanganyika na chui, kwa ajili ya shingo na madoa, na hilo bado limo kwenye jina lake la kisayansi, Giraffa camelopardalis. Watu wakikutana na kitu kigeni wanakikamata kwa kile walichonacho tayari kichwani.

Popo anaonyesha jambo hilo vizuri pia. Mjerumani anamwita panya anayepapatika, Mrusi panya anayeruka, Mfaransa panya kipara, na Mhispania jina lake asili yake ni panya kipofu. Hao wote wamemuona panya, na kibaolojia popo sio ndugu wa karibu wa panya hata kidogo. Huko milimani Papua New Guinea Wakalam wakamuona karibu na ndege, neno lao yakt linabeba ndege wanaoruka pamoja na popo, lakini kuna ndege mmoja mkubwa asiyeruka, kasuari, huyo hawamweki kwenye yakt, ana kundi lake peke yake na anaitwa kobtiy. Mwanaanthropolojia Ralph Bulmer aliandika makala mwaka 1967 akiuliza kwa nini kasuari sio ndege kwa Wakalam, na jibu alilolipata halikuwa la mabawa peke yake, alikuta kasuari ana nafasi yake kwenye mambo ya undugu na miiko ya watu wale, sio windo tu. Na la kufurahisha ni kwamba baadaye, 1977, Mkalam mwenyewe, Ian Saem Majnep, alitoa kitabu kuhusu ndege wa kwao pamoja na Bulmer, akiwa mwandishi sio mtoa habari wa pembeni. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa kuna watu wakisikia hivyo watasema unaona, kila kabila linagawa wanyama linavyotaka. Sio kweli, na hapa naomba nieleweke. Ernst Mayr, mtaalamu mkubwa wa ndege, mwaka 1928 alikuwa milima ya Arfak huko New Guinea akikusanya ndege, akahesabu spishi 137, wenyeji wakawa na majina 136. Walichanganya spishi mbili tu kati ya zote, tena zinazofanana sana, na hawakuwa na darubini wala maabara, walikuwa na macho na masikio na msitu. Kwenye yale makundi madogo madogo, ndege huyu na ndege yule, watu wa lugha tofauti kabisa wanakubaliana sana kwa sababu wanyama wenyewe wako tofauti, hujitungii. Kutofautiana kunakuja kwenye makundi makubwa, nani ni ndege, nani ni mnyama, nani ni mdudu, hapo ndo imani na maisha yanaingia.

Halafu kuna sauti. Majina mengi sana ya ndege ni ndege mwenyewe anajiita, hondohondo kwa mfano, au yule ndege wa Ulaya ambaye Mjerumani, Mfaransa, Mrusi na Mlatini wa kale wote walimwita kwa kuku-kuku yake. Sio ndege tu, Wamisri wa kale paka walimwita miu, Wachina wanamwita mao, na digidigi jina lake linatokana na mlio anaotoa akishtuka. Ila mwanaanthropolojia Brent Berlin alienda mbali zaidi, alichukua majina ya ndege na samaki ya lugha ya Kihuambisa ya Peru akawasomea wanafunzi wa Marekani ambao hawajawahi kuisikia lugha hiyo, wabahatishe lipi la ndege lipi la samaki, na wakapatia mara nyingi kuliko inavyotegemewa kwa kubahatisha. Kwa hiyo ndani ya jina kuna kitu cha wepesi au cha kuteleza ambacho sikio linakipata hata kama akili haijui lugha. Mi hilo linanishangaza kila nikilifikiria.

Kiswahili chetu nacho kina jambo lake ambalo tunalitumia kila siku bila kuliona. Tunasema ndege ametua mtini, ndege imetua uwanjani. Kifaru amelala, kifaru kimeungua. Viboko wamezama, viboko vimepigwa marufuku shuleni. Neno ni lile lile, lakini kikiwa na uhai sarufi inakibeba kwenye a- na wa- pamoja na binadamu, kikiwa chuma au ngozi kinarudi kwenye vitu. Siafu na tembo na mwalimu wote wanapata a-, hamna mdogo wala mkubwa. Hata mpaka wenyewe wa uhai umo, sikiliza watu wanavyoongea, watu wengi watasema bakteria wanaishi, lakini kirusi kinaambukiza, kimelea kinaingia, kimebaki kwenye ki-. Lugha nyingine zinagawa kivingine, Wadyirbal wa Queensland huko Australia ndege wengi wanawaweka kwenye ngeli moja na wanawake, kwa sababu katika imani yao ndege ni roho za wanawake waliokufa, wakati kangaruu na nyoka wengi wako na wanaume. Mtu asiyejua imani hiyo atadhani ngeli zimepangwa ovyo.

Kangaruu nimemtaja na kuna uzushi unaosambaa kila mara, kwamba wazungu walipouliza huyu nani wenyeji wakajibu "sielewi" wakaandika hilo kama jina. Ni uongo. Mwaka 1770 James Cook na wenzake walilipata jina kwa Waguugu Yimithirr, wenyeji wa huko Australia, ambao wana neno gangurru, na ni jina la aina moja mahususi ya kangaruu, sio la wote. Mtaalamu wa lugha John Haviland alienda kulithibitisha miaka ya 1970. Naomba tuache kuusambaza ule uzushi, unawafanya wenyeji waonekane hawakuelewa chochote wakati wao ndo walikuwa wanajibu kwa usahihi kuliko muulizaji.

Kuna majina pia ya kuficha. Dubu kwenye lugha za Waslavi anaitwa mla asali, medved, kwa sababu jina lake la zamani watu waliogopa kulitamka porini wakalipoteza kabisa. Jina hilo la zamani lilibaki upande wa Wagiriki, arktos, na ndo limetupa Aktiki, yaani upande wa nyota za Dubu. Wabengali wanaoingia misitu ya Sundarbans chui milia wanamwita mjomba, kule Sumatra wanamwita babu, na usiku nyoka kwa Wabengali anaitwa mmea unaotambaa tu, hatajwi kwa jina lake. Sio ujinga huo, ni heshima kwa kitu kinachoweza kukuua. Na upande wa pili kuna majina ya mapenzi, Wanuer na Wadinka wa Sudan Kusini kijana anabeba jina la dume lake la ng'ombe, linalotokana na rangi na madoa yake, Wazulu wana ng'ombe wa madoa madogo wanayemwita mayai ya ndege fulani kwa jinsi madoa yanavyofanana na ganda la yai, Wasaami wa kaskazini mwa Ulaya wana mamia ya maneno ya kulungu wao wa theluji kwa umri, pembe, rangi na tabia. Mtu aliyeishi na mnyama hana neno moja.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Desemba 1938 samaki wa ajabu alivuliwa Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho akamtambua kwamba sio wa kawaida, na mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akampa jina Latimeria chalumnae, la yule mama na la mto wa karibu. Dunia ilisimama kwa sababu kundi hilo la samaki lilidhaniwa limekwisha pamoja na dainosaria, zaidi ya miaka milioni 60 nyuma. Smith akatafuta wa pili miaka mingi, na alipopatikana mwaka 1952 ilikuwa Komoro, ambako wavuvi walikuwa wanamjua siku zote na wana jina lake, gombessa. Sikiliza hiyo. Sayansi inasema amekwisha, na mvuvi anamtoa majini, anamwita kwa jina. Miaka ya 1990 wakapatikana wengine Sulawesi, Indonesia, na huko nako wavuvi walikuwa na lao, raja laut, mfalme wa bahari.

Na kwetu, kipunji. Mwaka 2003 watafiti wakiongea na wawindaji wa Kinyakyusa kule mlima Rungwe walisikia habari ya nyani mwenye aibu anayekaa juu miti mirefu anaitwa kipunji. Walimfuatilia, karibu na wakati huo huo timu nyingine ikamkuta msitu wa Ndundulu, Udzungwa, mwaka 2005 akatangazwa duniani na 2006 ikaonekana anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la spishi za karibu, akaitwa Rungwecebus kipunji. Jenasi mpya ya nyani wa Afrika ilikuwa haijapatikana tangu 1923. Safari hii angalau jina la wenyeji limeingia kwenye jina la kisayansi, na nawashukuru waliofanya hivyo. Lakini jiulize kama vijana wa pale wangekuwa wameshaanza kusema "nyani fulani tu", hao watafiti wangeuliza nini na wangejibiwa nini? Jina ndo lilikuwa njia ya kumfikia.

Ndo maana "aina fulani ya swala" inaniuma. Tunaye kuro mwenye duara jeupe nyuma, pofu mkubwa kama ng'ombe na ngozi inaning'inia kooni, tandala wa pembe za kuzunguka, choroa wa pembe zilizonyooka kama mikuki, kongoni wa uso mrefu, swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani, bado palahala, mbawala, tohe, nsya na paa. Upande wa nyani tuna tumbili, kima, ngedere, mbega na komba wa usiku. Baharini ndo usiseme, kobe ni wa nchi kavu na kasa ni wa baharini, wakati Mmarekani wa kawaida mara nyingi wote anawaita kwa neno moja. Duma na chui tunawachanganya kwenye picha kila wiki, na duma ana mistari myeusi kutoka jichoni kushuka mdomoni, mtu hahitaji kusoma chuo kuiona. Najua jina lile lile linaweza kuwa la mnyama mwingine ukihama sehemu, korongo kuna anayempa ndege na kuna anayempa mnyama wa pembe, ila hilo sio sababu ya kuacha majina, ni sababu ya kuandika jina na sehemu linakotumika.

Ombi langu Mhariri ni mambo mawili. La kwanza, habari yoyote yenye mnyama, mwandishi atafute jina la Kiswahili, na kama halipo aandike la wenyeji wa mahali alipo huyo mnyama, la kisayansi lifuate, na Kiingereza kisiwe mlango wa kupitia wakati habari yenyewe imetokea kwetu. La pili, mtenge kona ndogo hata mara moja kwa wiki, wasomaji watume majina ya wanyama, ndege, samaki na wadudu kwa lugha zao. Sio jina peke yake maana jina tupu halimsaidii mtu, mtumaji aseme ni lugha gani, ni sehemu gani, mnyama anafananaje, analia vipi, anaonekana saa ngapi na msimu gani, na jina hilo kalipata kwa nani, bibi, babu, mvuvi, mfugaji. Wenye lugha moja wakibishana waacheni wabishane hapo hapo gazetini, mjibizano huo nao uchapwe. Mimi nina majina ya ndege wa mtoni ambayo sijawahi kuyaona yameandikwa mahali popote, nitawatumia siku mkifungua.

Wenu,
Msomaji wa kila siku